Pipa la Nne-na-Ishirini na Kiti Nilichovuliwa

Kwa Mhariri wa *Kengele ya Bonde*,
Lindegem.

Ndugu Mhariri,

Ninachodai ni hiki, nami nakitanguliza ili msomaji mwenye haraka asihangaike: mwonjaji aliyeiponda bia yake mwenyewe mbele za watu, bila kujua kwamba ni yake, ndiye mwonjaji pekee wa kuaminika katika bonde letu zima, na mwonjaji huyo, kwa mujibu wa yaliyotokea Jumapili iliyopita, ni mimi. Kwa hiyo kiti nilichovuliwa siku hiyo nirudishiwe, tena nirudishiwe kwa heshima.

Natambua kwamba umeifungua bahasha hii kwa mkono mzito. Barua yangu ya Januari, kuhusu makosa ya tahajia katika tangazo la mashindano ya njiwa, ilikuletea wafugaji wawili mlangoni. Ile ya Machi, niliyothibitisha ndani yake kwamba kengele ya kanisa letu inalia nusu sauti chini ya inavyopaswa, padri hajaisahau mpaka leo, na amekuwa akinitazama wakati wa kutoa sadaka. Lakini zile zilikuwa barua za ubishi. Hii ni barua ya kiti.

Kiti chenyewe ni cha mwaloni, kina mguu mmoja mfupi, na kimekaa kando ya jiko la makaa katika ghala la mapipa la shangazi yangu, Godelieve Cooremans. Babu yangu Cyriel alikikalia hadi majira yaliyopita ya kupukutika majani, alipofariki. Kila mzaliwa wa hapa anajua maana yake. Anayekaa kiti kile siku ya kuonja ndiye atakayeachiwa chaki. Na mwenye chaki ndiye atakayeamua, siku Shangazi atakapochoka, pipa lipi litiwe chupani, lipi lisubiri na lipi limwagwe. Shangazi hana mtoto. Watoto wa kaka zake tuko wawili tu: binamu yangu Machteld, na mimi. Machteld alishasema tangu utotoni kwamba hataki chaki, anataka bia. Nilibaki mimi, nikiwa na shahada ya falsafa na tasnifu niliyoiandika juu ya hukumu ya ladha, ambayo walimu wangu waliisifu kwa urefu wake.

Basi Jumapili ya kuonja, ile inayofuata Pasaka, nilikaa kitini. Nilikaa vizuri. Hata Mzee Remi, tarishi mstaafu ambaye ameonja kwenye meza ile tangu kabla sijazaliwa, alisema kwamba kwa nyuma nafanana na babu.

Utaratibu wa meza hiyo unafahamika, lakini nautaja ili hoja zangu zisimame. Shangazi mwenyewe siku hiyo haonji. Hukaa upande wa pili akatazama nyuso zetu. Glasi huletwa bila jina. Mwonjaji anaruhusiwa neno moja tu kati ya matatu. *Tayari*, maana yake bia itiwe chupani. *Bado*, maana yake iachwe ndani ya pipa. *Siki*, maana yake haina dawa tena, imwagwe, ila kidogo wapewe wapishi wa kome watie mchuzini. Baada ya kila neno Shangazi huinuka, akaenda akaliandika kwa chaki usoni mwa pipa.

Sitaki kujisifu, lakini kufikia glasi ya mwisho nilikuwa tayari nimetumia maneno mengi kuliko waonjaji wote wa karne iliyopita. Shangazi alimwita Emmett, mume wa Machteld, akamnong'oneza namba ya pipa. Emmett akaenda na jagi la kauri, akarudi, akatumiminia. Niliinusa, nikaizungusha, nikaionja, nikasimama.

“Lieven,” akasema Shangazi, “neno moja tu, mwanangu.”

Nilimjibu kwamba neno moja haliwezi kubeba kosa kubwa kiasi hicho. Kisha nikatamka sentensi ambayo naikumbuka kwa ukamilifu, kwa kuwa niliisuka kichwani nikiwa bado nameza: “Aliyeitengeneza bia hii amesoma mengi na ameonja machache. Uchachu wake ni wa mtu anayetaka watu wamwone mchachu.”

Machteld alicheka hadi akashikilia meza. “Ee Profesa! Rudia hapo, tafadhali. Rudia polepole, nimwandikie aliyeitengeneza.”

Nikarudia polepole. Nakiri niliongeza na mkono.

“Hilo ni pipa la nne-na-ishirini,” akasema Shangazi.

Nikauliza kama nne-na-ishirini si lile langu.

“Kwani unayo mangapi?” akauliza Mzee Remi.

Ni langu, Ndugu Mhariri. Nililijaza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, likizo yangu ya kwanza ya chuo, wakati wa baridi, msimu pekee ambao sisi hupika bia. Nililichagua miongoni mwa mapipa makuukuu ya divai kwa kufuata kitabu. Nililihamishia chini ya dirisha la kaskazini kwa kufuata kitabu kingine. Na nilifagia utando wa buibui uliolizunguka, jambo ambalo katika ghala letu hulifanyi hata ukiwa mgonjwa wa akili, maana buibui ndio wanaowakamata nzi waletao siki. Shangazi alipogundua hakunifokea. Aliliziba pipa kwa nta nyeupe, akasema lipumzike, na mimi nipumzike, na hakuna atakayeligusa mpaka siku lenyewe litakapoitwa mezani.

Baada ya kicheko kutulia nilieleza msimamo wangu. Wanaodai kwamba maelezo yale yalichukua saa nzima wanasahau kutoa muda ambao Mzee Remi alikuwa akikohoa. Mwishowe Shangazi akaweka chaki mezani akasema, kwa upole ambao umeniuma kuliko matusi: “Bado, Lieven. Wewe bado. Hebu inuka, umpishe Emmett. Kasimama tangu asubuhi na jagi mkononi.”

Niliinuka. Emmett akakaa. Na kwa kuwa sikupewa nafasi ya kumaliza nilichokuwa nikieleza, nakimalizia hapa, hoja kwa hoja.

1. Kuhusu ulimi wangu. Tuhuma iliyotapakaa kijijini, na ambayo nimeisikia kwa muuza mikate na kwa kinyozi kwa maneno yaleyale, ni kwamba sijui kuonja. Tuipime. Nilisema kwamba aliyeitengeneza bia ile amesoma mengi. Je, ni uongo? Nilisema ameonja machache. Nilipolijaza pipa lile nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeonja glasi zisizojaza trei. Je, ni uongo? Nilisema alitaka watu wamwone mchachu. Ndugu Mhariri, nilikuwa nikivaa skafu nyeusi mwezi wa saba. Ulimi wangu, bila kuona uso wala jina, ulimtambua mtengenezaji, umri wake, elimu yake na tabia yake. Mpelelezi angepewa nishani kwa kazi kama hiyo. Mimi nimenyang'anywa kiti.

2. Kuhusu uadilifu. Mtu yeyote anaweza kuiponda bia ya jirani. Hiyo ndiyo burudani ya bonde letu, na baridi ingetushinda bila hiyo. Mtu yeyote anaweza pia kuisifu ya kwake. Lakini nani, tangu mapipa yaanze kuviringishwa hapa, amewahi kusimama mbele ya ndugu zake, akaiponda kazi ya mikono yake mwenyewe, akaombwa arudie, akarudia, tena kwa ishara za mkono? Kama hakimu angemhukumu mwanawe bila kumtambua, tungemjengea sanamu uwanjani. Najua utasema kwamba sikujua. Ndiyo hoja yangu! Uadilifu unaojua ni maigizo. Wangu ulikuwa safi, kwa sababu ulikuwa umefumba macho kabisa.

3. Kuhusu aliyekalia kiti changu. Sina chuki na Emmett. Ni mtu mpole, anapendwa na mbwa. Huko kwao Vermont, ng'ambo ya bahari, anatengeneza bia chachu kwa kuiga zetu: anazilaza kwenye mapipa ya mwaloni ndani ya lililokuwa zizi la ng'ombe, na usiku wa baridi huacha madirisha wazi ili hewa ya huko iingie katika bia inapopoa, kama tufanyavyo sisi. Nimeshaandika katika gazeti hili hili, kurasa mbili, kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hewa ya Vermont haina historia. Msomaji mkorofi atanikumbusha kwamba glasi ya kwanza ya Jumapili, ile niliyoitangaza kuwa “sauti ya bonde letu, isiyoweza kuigwa”, ilitoka kwenye chupa aliyokuja nayo Emmett. Namjibu msomaji huyo kwamba sauti husafiri.

Ninachokataa ni kwamba mtu huyu apewe kiti kabla hajajua hata kuhesabu. Sisi, kama ijulikanavyo, hutanguliza kidogo ndipo tukataja kikubwa: twasema tano-na-thelathini, na ndivyo watu wastaarabu wanavyosema, kwa kuwa kidogo ndicho kinachosahaulika. Kwao ni kinyume. Jumapili yake ya kwanza hapa alialikwa chakula cha mchana kwa mama yangu, nyumba namba tano-na-thelathini. Sisi tukasubiri, mchuzi ukapoa. Yeye, baada ya kuandika kwenye kiganja tano kwanza na tatu baadaye, alikuwa amekwenda namba tatu-na-hamsini kwa Bi Alma, mjane wa fundi wa baiskeli, ambaye hakuwahi kumwona maishani. Alimpa maua. Akala sungura wa Bi Alma aliyepikwa na matunda ya cheri, sahani mbili, akasuuza vyombo, akamshukuru kwa kumpokea katika ukoo. Bi Alma mpaka leo huuliza atarudi lini. Huyu ndiye ametumwa kwenye mapipa ya Shangazi, yenye namba! Huyu ndiye amepewa kiti cha babu yangu! Na jambo la kwanza alilofanya ni kuusawazisha ule mguu mfupi kwa kuukunjia gazeti chini yake. Niliinama nikatazama. Ni toleo lenye makala yangu juu ya hewa ya Vermont.

4. Kuhusu sukari. Mzee Remi hutia donge la sukari katika kila glasi na kulikoroga kwa kijiti anachotembea nacho mfukoni. Nimevumilia. Lakini Jumapili, alipoionja ile glasi ya mwisho, ile ile niliyoiponda, alifumba macho akasema, “Tayari. Hii ina mkono wa Godelieve.” Ina mkono wa Godelieve! Bia iliyojazwa na mimi, chini ya dirisha langu, bila buibui! Haina budi kusemwa kwamba Mzee Remi aliwahi kusema maneno hayo hayo kuhusu kahawa ya msibani. Hata hivyo yeye bado ana kiti, na sukari yake, na kijiti chake, na nilipomsahihisha alinipigapiga goti akasema, “Kunywa, kijana, itapoa,” ilhali ni bia.

5. Kuhusu neno “bado”. Hapa naomba subira ya wasomaji, maana ndipo jeraha lilipo. Ningeambiwa *siki*, ningejua pa kuanzia. Siki ni hukumu kamili. Mtu hukata rufaa. Ningeambiwa *tayari*, nisingekuwa naandika. Lakini *bado* ni neno gani la kumwambia mtu aliyemaliza chuo? Nimekaa chuoni miaka yote iliyotakiwa. Nimevaa joho. Mama ameitundika picha ya joho lile juu ya televisheni, na wageni hulazimika kulitazama mbio za baiskeli zikiendelea chini yake. Mtu wa namna hiyo hawi bado. Pipa huwa bado. Jibini huwa bado. Shangazi ametumia kwa binadamu neno la ghala, mbele ya jagi, na sikumbuki kumsikia babu akiambiwa hivyo hata mara moja.

Usiku ule nilifungua kitabu kizuri juu ya subira, nikakifunga baada ya dibaji.

6. Kuhusu hatua zinazopaswa kufuata. Kutokana na hoja ya kwanza, ulimi wangu haukosei. Kutokana na ya pili, haupendelei. Kutokana na ya tatu, aliyewekwa badala yangu hajui kuhesabu. Kwa hiyo kunirudishia kiti peke yake ni fidia ndogo. Haki inadai nipewe na chaki, na nipewe sasa, Shangazi akiwa angali na nguvu za kunibebea ngazi. Aidha, napendekeza kanuni mpya kwa watengenezaji wote wa bonde: kila mmoja, mara moja kwa mwaka, aletewe kazi yake bila kuijua, na aiponde hadharani. Atakayeshindwa kuiponda ahesabiwe kuwa anaipenda mno, na anyimwe ruhusa ya kuonja hadi ajirekebishe.

Naomba kanuni hiyo ianze na Shangazi mwenyewe. Mwishoni mwa ghala lake liko pipa la mbili-na-arobaini, ambalo amelifungia nta nyeupe na hamruhusu mtu hata kulinusa. Anapopita huliwekea mkono kama mtu anayepapasa farasi. Analitaja kwa sauti ya chini. Anasema ndilo bora kuliko yote aliyowahi kujaza, na kwamba analiweka kwa siku atakayojua nani atamfuata. Sawa. Hayo ni maneno ya mtengenezaji aliyeingiwa na mapenzi. Pipa la mbili-na-arobaini lifunguliwe mezani, liletwe kwenye glasi isiyo na jina, nami nitasema kwa uadilifu ule ule wa Jumapili lina thamani gani. Sitamwogopa mtu. Nimeshajiponda mwenyewe; nitashindwa vipi kumponda shangazi?

Namtaka Godelieve Cooremans anijibu hoja hizi zote sita katika toleo lijalo la gazeti lako, kwa jina lake kamili, si kwa kunitumia ujumbe kupitia kwa mama nyakati za kuanua nguo.

Wasalimie wote wa ofisini kwako, na fundi wa mitambo aliyeniambia kwamba barua zangu humaliza wino. Salamu pia kwa padri, ambaye sina kinyongo naye kuhusu kengele. Kwa wafugaji wa njiwa. Kwa Bi Alma wa namba tatu-na-hamsini. Na kwa binamu yangu Machteld, anayejua kwa nini.

Ni mimi, ninayesimama kwa kukosa pa kukaa,

Lieven Cooremans,
Mhitimu wa Falsafa.

Nyongeza.

Ndugu Mhariri, nilikuwa natafuta stempu. Mama husoma barua zangu zote kabla hazijatoka nyumbani, kwa kile anachokiita usalama wa ukoo. Alisoma hoja ya kwanza akaguna. Alisoma ya pili akaguna zaidi. Alipofika ya tatu, pale pa sungura wa Bi Alma, akaacha kuguna. Akavua miwani.

“Lieven. Ile glasi ya mwisho, nani alikwenda kuichota?”

“Emmett.”

“Na shangazi yako alimwambia pipa lipi?”

“Nne-na-ishirini, Mama, nimeshaandika hapo.”

“Nimeona ulivyoandika,” akasema Mama. “Sasa soma.”

Ndugu Mhariri, nina shahada. Birika lilichemka kabla sijaelewa: nne kwanza, mbili baadaye.

Tulikwenda ghalani pamoja, Mama akiwa bado na aproni. Shangazi alichukua taa akatangulia. Pipa la nne-na-ishirini lilikuwa chini ya dirisha langu la kaskazini, nta yake nyeupe nzima kama tulivyoiacha, na buibui wamerudi wote. Chaki ya Jumapili ilikuwa usoni mwake, ikilihukumu kwa bia isiyotoka ndani yake. Kisha tukaenda mwisho wa ghala. Nta ya pipa la mbili-na-arobaini ilikuwa imetobolewa kwa uangalifu mkubwa, na tundu limezibwa tena kwa kijiti kisafi, kama afanyavyo mtu mpole anayependwa na mbwa.

Nilisubiri. Nilikuwa nimemwambia mwanamke huyu, mbele ya ndugu zake, kwamba kazi bora ya maisha yake ni ya mtu aliyesoma mengi na kuonja machache. Nilikuwa nimerudia, polepole, kwa mkono. Nilikuwa nimeiandika na kuigonga muhuri wa hoja sita. Na Mzee Remi, na sukari yake yote, alikuwa sahihi.

Shangazi aliweka taa chini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikatafuta leso. Alikuwa anacheka.

“Nimesoma mengi?” akasema. “Mimi, Lieven? Niliyetolewa shule na miaka kumi na minne nikaoshe chupa? Umesikia, wifi? Mtu wa chuo amenionja, kasema nimesoma mengi!”

“Nimemsikia,” akasema Mama. “Jumapili nzima alikuwa anakusifu.”

Kisha Shangazi akachukua kisu, akaibandua nta ya nne-na-ishirini, akachota. Alinipa kwanza mimi. Ilikuwa na ukali wa tufaha bichi, na nyuma yake harufu ya hatamu iliyolowa jasho la farasi, na katikati pengo, kama meza iliyoandaliwa ambayo mgeni mmoja hajafika. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, moja ikiwa nzuri sana. Shangazi alikuwa hatazami glasi. Alikuwa ananitazama uso.

“Bado,” nikasema.

Akasubiri niongeze. Sikuongeza. Hapo ndipo naye akaonja, akameza, akatikisa kichwa kwa kukubali, na akanipa chaki niliandike mwenyewe. Herufi zimekwenda upande. Alichukua chaki yake, akanipigapiga mgongoni, akaniambia nirudi nyumbani nikale, na kwamba kesho asubuhi kuna mapipa ya kusuuza. Kuhusu kiti hakusema kitu. Emmett angali nacho, na makala yangu ingali chini ya mguu.

Njiani nilipita kwa muuza mikate. Foleni yote nyuma yangu ilikuwa inacheka, na nilidhani ni kwa sababu zile za kawaida, mpaka nilipofika nyumbani nikavua koti. Mgongoni, kwa chaki, kwa mwandiko ninaoujua tangu utoto kutoka kwenye nyuso za mapipa, palikuwa na neno moja: BADO.

Kwa hiyo nazifuta hoja zote sita, ila naomba uzichape, kwa kuwa ya tatu ndiyo iliyomfumbua macho Mama, na ile ya pili imejengwa vizuri, inauma kuitupa. Wasomaji wazipindue tu kama tunavyopindua namba. Wanapoona “Emmett hajui kuhesabu”, wasome jina langu.

Lakini dai la jibu sitalifuta, bali nalibadilisha. Pipa lililoandikwa *siki* humwagwa. Lililoandikwa *tayari* hutolewa nje. Lililoandikwa *bado* ndilo pekee linalobaki ghalani. Namtaka shangazi yangu, Godelieve Cooremans, aeleze hadharani, katika toleo lijalo, kwa jina lake kamili, kama alipoliandika neno lile mgongoni mwangu alikusudia nisikie sehemu ya kwanza ya maana yake, kwamba sijaiva, au hiyo ya mwisho, kwamba nabaki.

Koti sijalipiga brashi. Nalivaa kila siku, mvua isiponyesha, nikilisubiri jibu.

L. C.